Msitoe Mpaka Maabara Iseme

Mawifi tunasemwa vibaya, na mara nyingi tunastahili. Dada wa mume ndiye anayekagua sufuria, anayehesabu miezi, anayeuliza maswali ambayo mama mkwe ameona haya kuyauliza. Mimi nilikuwa wifi wa namna hiyo. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema katika habari hii. Nina hasira za karibu tangu utoto, na siku ninayotaka kuisimulia hasira hizo zilifanya kazi nzuri kwa sababu ambayo haikuwa nzuri sana.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja mjini Mwanza. Wenzangu walipima damu, mkojo na makohozi. Mimi nilipokea nyama iliyokatwa kwa watu kule chumba cha upasuaji: matezi, vivimbe, matiti, vizazi. Kazi yangu ilikuwa kuizamisha katika nta, kuikata nyembamba kuliko karatasi ya sigara, kuilaza juu ya kioo na kuitia rangi, ili daktari wa patholojia, yaani yule anayesoma ugonjwa ndani ya nyama, aitazame kwa hadubini na kusema ni nini. Njia ya nta huchukua siku kadhaa. Kwetu, kwa umeme uliokuwa ukienda na kurudi na dawa zilizochelewa njiani, zilikuwa wiki tatu, mara nyingine nne.

Wiki hizo ndizo zilizonichomea roho. Mwanamke aliyekuja na uvimbe tumboni hakuweza kufunguliwa, akafungwa, akangoja wiki nne, akafunguliwa tena. Alitoka Ukerewe, au Sengerema, au kijiji ambacho wakati wa mvua hakifikiki kabisa. Akienda ndiyo ameenda. Kwa hiyo daktari bingwa wa akina mama, mzee mwenye mikono mizuri kuliko yote niliyowahi kuona ikishika kisu, alikuwa na kanuni yake moja: toa yote. Kizazi, ovari zote mbili zinazotunza mayai, mirija, kila kitu, ili tuwe na uhakika. Sikatai kwamba aliwaokoa wengi. Lakini vilivyotolewa vilikuja kwangu, ndani ya ndoo za plastiki zilizokuwa za mafuta ya kupikia, vikielea kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, na kila ndoo ilikuwa na plasta yenye jina la mtu na umri wake. Miaka ishirini na mbili. Miaka ishirini na saba. Wiki nne baadaye daktari wa patholojia angeandika, mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia, kwamba haikuwa saratani. Mwenyewe alikuwa ameshaondoka zamani, na majibu yalibaki kwenye faili.

Nilizichukia zile ndoo. Nilizisafisha, nikazipanga, nikazichukia. Siku moja nilimwuliza yule daktari bingwa, pale kwenye korido, kama aliwahi kusoma majibu yanayotoka kwetu. Alinijibu kwamba wafu hawasomi majibu. Nilirudi maabara nikafunga mlango kwa nguvu mpaka vioo vikatikisika.

Kwenye kona ya chumba chetu palikuwa na mashine iliyofunikwa kwa kitambaa cha maua, imeachwa na wafadhili siku nyingi nyuma. Ilikuwa na kimeza kidogo cha shaba, upana wake haukuzidi kifuniko cha chupa ya soda, na kisu kirefu mbele yake. Chini ya kimeza hicho unaunganisha bomba la gesi, ile ile inayotiwa kwenye soda ikatoa mapovu. Ukifungulia, gesi inatoka kwa kishindo na baridi kali, na kipande cha nyama kilichowekwa juu kinaganda mara moja. Unakikata hapo hapo, unakitia rangi, na baada ya dakika kumi na tano hivi daktari wa patholojia ana jibu, mgonjwa akiwa bado amelala mezani na tumbo liko wazi. Mpasuaji anaambiwa akate nini na aache nini. Mashine ilikuwepo miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni gesi.

Soko huria lilituletea mitumba, redio za kaseti na sabuni za kila rangi, na hospitali nayo ikaanza kumtaka mgonjwa aje na pamba yake mwenyewe. Sikuwa na mapenzi nalo. Lakini lilileta pia viwanda, na kiwanda kimoja cha vinywaji huko Nyakato kilikubali kutujazia mtungi wetu mkongwe. Aliyekwenda kuomba ni daktari wa patholojia, kijana wa Kihaya aliyekuwa ametoka masomoni, mpole mpaka anakera. Tulijifunza kwa maini ya mbuzi. Niliyanunua sokoni asubuhi, nikayagandisha, nikayakata, nikayaharibu, nikaanza upya. Kwa wiki mbili hakuna aliyetaka kukaa karibu nami wakati wa chakula.

Ndipo wifi yangu alipougua.

Alikuwa mke wa mdogo wangu wa kiume, Mjita wa kando ya ziwa upande wa Mara, na alifanya kazi katika kiwanda cha sangara. Miaka ile ndege zilibeba minofu kwenda Ulaya, nasi wa mjini tukakaanga mapanki, yaani kichwa na mgongo uliobaki baada ya nyama kuondoka. Wifi alisimama kwenye meza ya kuchuna, na mabuti meupe na aproni, akiwa na kisu ambacho hakuruhusu mtu mwingine akiguse. Baadaye walimpandisha, akawa anaandika maboksi kwa kalamu nene, herufi kubwa tupu. Mazoea hayo yakamwingia mpaka nyumbani. Aliandika kila kitu kwa herufi kubwa, hata barua za salamu, na mama yangu alipopokea ya kwanza aliuliza kwa nini mkwewe anamfokea.

Walikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto. Anayehesabu alikuwa mimi. Tumbo lake lilipoanza kujaa, mama alitoa kanga mbili mpya sandukuni na kuziweka kando, na mimi nilianza kutembea mtaani kwetu Kiseke na kicheko mdomoni. Kipimo kikaonyesha kwamba hakuna mtoto. Kulikuwa na uvimbe kwenye ovari ya kushoto, mkubwa kama boga dogo, na ndani yake vyumba vyumba vilivyojaa maji. Mama alizirudisha kanga sandukuni.

Alilazwa kwenye hospitali ile ile niliyofanya kazi, na daktari akawa yule yule wa toa yote. Siku moja kabla ya upasuaji nilishuka wodini jioni kazi ilipokwisha. Nilimkuta mdogo wangu amesimama kando ya kitanda, uso umemlegea kwa nafuu. Aliniambia ameshamaliza mambo ya karatasi. Fomu ya ridhaa siku zile ilikuwa na mstari mmoja wa saini, na chini ya mstari huo palichapwa maneno mawili: mume, mlezi. Nesi alikuwa amempa pale mezani kwake, naye akasaini, akarudisha.

Wifi alikaa kitako. "Nileteeni hiyo karatasi."

"Imeshasainiwa," mdogo wangu alisema. "Usijichoshe."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Kwani anayepasuliwa ni wewe?"

Mdogo wangu alinitazama mimi anisaidie. Sikumsaidia. Nesi alileta fomu, shingo upande, na wifi akaisoma yote polepole, midomo ikicheza. Alifika mahali fulani akaweka kidole.

"Wifi, hapa wameandika, na chochote daktari atakachoona kinafaa kuondolewa. Chochote maana yake nini?"

Ningeweza kumdanganya. Wagonjwa wengi tuliwadanganya, tukiita huruma. "Maana yake kizazi," nikamwambia. "Na ovari zote mbili, hata ile nzima."

"Kabla hawajajua kama ni kansa?"

"Kabla."

"Na nyie kule maabara hamwezi kujua?"

Nikamweleza habari ya mashine. Nilimwambia kwamba tunaweza kukipata kipande wakati yeye amelala, tukakigandisha, tukakikata, tukamjibu daktari kabla hajaendelea. Nilimwambia pia kwamba daktari huyu hajawahi kutuomba hata siku moja. Aliposikia kugandisha, alicheka kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

"Kumbe na nyie mnagandisha nyama! Mnaifuta kwanza?"

"Kufuta nini?"

"Maji. Mnofu ukiingia kwenye baridi na maji yake, barafu inakulia ndani ya nyama. Ukiyeyusha unakuta matundu matupu, mnofu unachanika wenyewe mkononi. Mzungu anarudisha shehena nzima. Sisi tunafuta kwa kitambaa mpaka unakauka, tunaukata mwembamba, tunaugandisha haraka."

"Wifi, hayo mambo tumeyasomea," nikasema. Na ni kweli nilikuwa nimesomeshwa chuoni, sentensi moja kwenye daftari. Nilimjibu kwa majivuno ya mtu mwenye koti jeupe.

Hakujali. Alimwomba nesi kalamu, akaegemeza fomu juu ya goti lake, na chini ya saini ya mume akaandika kwa herufi za maboksi: MSITOE KIZAZI MPAKA MAABARA ISEME. Akaweka jina lake na saini yake mwenyewe, mahali ambapo hapakuwa na mstari.

"Unatuaibisha," mdogo wangu alinong'ona. "Daktari atakasirika."

"Akasirike. Kizazi ni changu."

Mimi nilifurahi sana, na sina budi kueleza nilifurahia nini. Nilifurahi kwamba mtu mmoja, hatimaye, amemwambia yule mzee hapana. Lakini chini ya furaha hiyo nilikuwa nikiwaza watoto wa mdogo wangu ambao hawajazaliwa. Nilikuwa nimeshawapa majina.

Asubuhi nilimsindikiza akiwa juu ya kitanda cha magurudumu mpaka kwenye mstari mwekundu uliochorwa sakafuni mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Asiye na viatu vya ndani na kofia havuki mstari huo. Daktari bingwa alikuwa ameshika faili, miwani imeshuka puani.

"Nani ameandika upuuzi huu?"

"Ni mimi, daktari," wifi alisema akiwa amelala chali.

"Mimi nafanya kazi hii miaka thelathini."

"Nami naomba dakika thelathini."

Nesi alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mzee alinitazama, akaelewa mara moja maneno hayo yametokea wapi. Akasema atanipa dakika hizo thelathini, wala hazitazidi, kwa sababu dawa ya usingizi haimsubiri fundi. Zikiisha bila jibu, ataendelea kama anavyojua yeye. Wifi alinishika mkono, akauachia, akasukumwa ndani.

Daktari wa patholojia alijua mgonjwa ni nani kwangu. Aliniuliza kama nitaweza. Hapakuwa na mwingine wa kuishika ile mashine, basi nikamjibu kwamba swali hilo halina maana. Nilikuwa nimekwisha kunoa kisu, vikombe vya rangi vimepangwa, mshale wa mtungi ukionyesha kwamba gesi imebaki robo. Nilijiona niko tayari kabisa.

Kipande kililetwa kikiwa ndani ya bakuli la maji ya chumvi. Nesi wa chumba cha upasuaji alikuwa amefanya hisani. Kwa miaka yote nyama ilikuja kwetu ndani ya kimiminika, na hakuna aliyewahi kufikiria kuileta kavu. Nilikitoa kwa koleo, kinachuruzika, nikakiweka juu ya kimeza cha shaba, nikafungulia gesi. Gesi ilivuma, moshi mweupe ukapanda, kipande kikawa cheupe. Nikakata, nikavielesha vipande kwenye maji, nikavichukua kwa kioo, nikatia rangi, nikampelekea daktari. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Seli zimebadilika," alisema. "Zimepandana, zimekuwa nyeusi, haziko kwenye mpangilio. Ziko njiani kwenda kwenye saratani. Lakini kuwa njiani na kufika ni mambo mawili. Kuna uvimbe unaoishia hapo, mpakani, na huo ukimtolea mtu ovari ile moja, imetosha, unamfuatilia tu. Ninachotafuta ni ukuta ulio chini ya seli. Kama hazijauvunja, anabaki na kizazi chake. Njoo uutazame huo ukuta."

Nikainama kwenye lenzi. Ukuta ulikuwa umechanikachanika. Kila mahali palikuwa na matundu meupe, na seli zimemwagika ndani ya matundu.

"Umevunjika," nikasema.

"Umevunjwa na nani? Na uvimbe, au na wewe?"

Alisema kwa sauti yake ile ya upole, na nilitamani angenipiga kofi. Matundu matupu, nyama imechanika yenyewe. Nililiona lile bakuli la maji mezani na nikasikia sauti ya wifi akiniuliza kama tunafuta kwanza. Kosa lilikuwa langu. Si la nesi, si la mashine. Niliambiwa jana yake, na mtu aliyekuwa amelala pale ndani tumbo wazi, nikamjibu kwamba tumesomea.

Nesi aliingia akasema dakika ishirini zimekwisha na daktari anauliza. Daktari wa patholojia alifungua mdomo. Nilijua atasema hajui, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, na hakujua. Na kwa mzee yule neno sijui lilikuwa na maana moja tu: toa yote. Niliona ndoo nyingine rafuni kwangu, na plasta, na jina la ukoo wetu juu yake.

Nilikimbia. Korido ile ni ndefu, na nilikuwa nimevaa kandambili. Nikafika kwenye mstari mwekundu nikasimama vidole vya miguu vikiwa juu yake, mlango umeachwa wazi, yeye yuko pale chini ya taa, mgongo kwangu.

"Daktari, naomba kipande kingine," nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka wodini. "Kikavu. Juu ya gozi, bila maji."

"Jibu langu liko wapi?"

"Sina. Nimekiharibu. Kosa ni langu, si la mgonjwa."

"Basi naendelea. Siwezi kungoja kila fundi aliyeharibu kazi."

"Huwezi kuendelea. Amekuandikia mpaka maabara iseme. Maabara haijasema."

Aligeuka. Juu ya barakoa macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe binti, unajua unaongea na nani?"

"Najua, daktari. Shikamoo."

"Marahaba," alijibu, kwa sababu mdomo wa mtu mzima hujibu kabla hajaamua. Nesi mmoja akakohoa ndani ya barakoa yake. Kisha mzee akainama tena juu ya meza, na nilipoona kiwiko chake kikisogea sikujua anakata nini. Nilisimama pale nikisali kwa lugha ya nyumbani. Nesi akaja na gozi mkononi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na juu yake kipande.

"Dakika kumi," mzee alisema bila kugeuka. "Na usiniletee labda."

Sikuwa na kitambaa cha maabara kilichofaa. Nilichukua leso yangu safi, nikakifuta kile kipande taratibu pande zote, nikageuza leso nikafuta tena, mpaka hakikuacha alama. Nikakipunguza kikawa chembamba, hakizidi punje ya harage. Nikafungulia gesi kidogo kidogo, kwa vishindo vifupi. Kishindo cha tatu kilikuwa dhaifu. Cha nne kilikuwa mluzi. Nilitazama mshale wa mtungi, umelala chini kabisa, na kipande kilikuwa kimeganda barabara, kigumu kupita kiasi, kikikatwa kitapasuka. Nikakipulizia pumzi yangu. Mara moja, mara mbili, kama unavyopoza uji wa mtoto, ila hapa nilikuwa nikikipasha joto. Nikapitisha kisu. Kikatoka kipande kizima, chepesi, kinajikunja ukingoni. Nikakinyoosha kwa brashi.

Safari hii sikumwambia daktari wa patholojia aharakishe. Nilisimama nyuma yake nikisikia saa ya ukutani. Alisogeza kioo kushoto, akakirudisha, akasogeza tena.

"Ukuta huu hapa," alisema. "Mzima. Na hapa mzima. Na hapa." Akanyanyuka, akafunga vifungo vya koti lake, na yule kijana mpole niliyemdhania mwoga akaenda mwenyewe kwa miguu yake mpaka kwenye mstari mwekundu akamwambia mzee mbele ya watu wote: "Bado si saratani. Toa ovari hiyo na mrija wake, basi. Kizazi kiache."

Mzee aliuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba ataweka saini. Kizazi kikaachwa.

Kesho yake nilipewa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Ninayo hadi leo, nimeitunza pamoja na vyeti vyangu. Majibu ya nta, ambayo ndiyo ya mwisho, yalitoka baada ya wiki nne kama kawaida yetu: vipande vingi, kila upande wa uvimbe, na ukuta haukuvunjwa popote. Niliyapeleka Kiseke kwa mkono wangu. Wifi aliyasoma na midomo ikicheza, akayakunja, akayaweka ndani ya Biblia. Yule daktari bingwa hakuniomba radhi wala sikumwomba. Ila wiki kadhaa baadaye kikaja kipande kutoka chumba cha upasuaji, juu ya gozi, kikavu. Tangu hapo tukikutana kwenye korido naamkia, anaitikia, kisha anauliza, "Gesi ipo?"

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana shujaa. Lakini miaka ilipita, na mtoto hakuja.

Wifi alikuja hospitali kila alipotakiwa, akapimwa, akaonekana hana kitu, akarudi kazini. Ovari moja ilikuwepo, kizazi kilikuwepo, na mwezi ulikuja na kuondoka. Nami niliendelea kuhesabu. Jumapili moja baada ya ibada baba mdogo wetu alikuja nyumbani kwa mama na wazee wawili wa ukoo, wakakaa sebuleni, na mdogo wangu akaitwa. Walitaka aoe mke wa pili. Waliniita na mimi, na sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeambiwa kikao kitakuwepo, na sikumwambia wifi. Hilo nalisema kwa aibu. Nilijiona nina haki na kile kizazi. Nilikikimbilia korido nzima na kandambili, na kilikuwa hakijanipa mpwa hata mmoja.

Wifi alikuwa uani, mlango wa nyuma ukiwa wazi, anatengeneza sangara mzima aliyekuja naye.

"Wewe wa hospitali," baba mdogo aliniambia. "Kile kizazi kipo au hakipo?"

"Kipo, baba."

"Basi kama kipo na hakifanyi kazi, ni sawa na hakipo. Kijana, wewe sema tu ndiyo, sisi tutakwenda kuposa."

Mdogo wangu alisimama. Ni mtu asiyependa ugomvi, nilimlea mimi, na nilijua atakubali ili watu waondoke.

"Kule hospitali nilipewa karatasi nikasaini bila kumwuliza mwenyewe," alisema. "Wangeweza kumtoa kila kitu kwa saini yangu. Kila nikikumbuka naona haya. Msiniambie nisaini mara ya pili."

Baba mdogo, ambaye hakuzoea kunyimwa, akapaza sauti kuelekea uani. "Na wewe mama, hicho kizazi unakitunzia nini?"

Wifi aliingia. Alikuwa na kitambaa mkononi, anafuta maji vidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Sikitunzii kitu, baba. Nakaa nacho tu. Ni changu."

Kisha hakumtazama tena baba mdogo. Alinitazama mimi, na nikajua kwamba alijua: hesabu zangu, majina yangu, kikao ambacho sikumwambia.

"Wifi, nakushukuru ulikipigania," alisema. "Lakini hukukipigania kiwe chako."

Nilimwambia nimesikia. Alirudi uani kwa samaki wake, nami nikaenda kumshikia beseni. Tangu siku hiyo sijahesabu miezi ya mtu.